Kitanda cha Ndani ya Ukuta

Haya yalimpata rafiki yangu Geske, alipoolewa na Hinrik aliyefiwa na mkewe, Almut. Nyumba yao ilikuwa ya watu na mifugo pamoja: chini ya paa moja la matete, ng'ombe walifungwa pande zote mbili wakitazama ukumbi wa katikati. Mwishoni, karibu na moto, kilikuwepo kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta, chenye mlango wake.

"Kila saa Almut, Almut! Angekuwa hai ningemtimua!" Geske akafoka usiku mmoja.

"Jamani mke wangu, hata maiti unamwonea wivu?" Hinrik akajibu, akapanda kitandani humo kulala.

Geske akaenda mwisho wa pili wa ukumbi, mbali na moto, kuchukua nyasi za ng'ombe. Gizani minyororo ikalia. Ng'ombe mmoja baada ya mwingine akageuza kichwa polepole, kama wafanyavyo pindi mama mwenye nyumba anapopita kuelekea motoni. Kisha mlango wa kitanda ukajifunga, na humo ndani Hinrik akacheka taratibu, kicheko ambacho hakuwahi kumchekea Geske.