Kitabu Alichoazima Dada

Mfumo mpya wa maktaba ulipowashwa asubuhi ile, kompyuta ya mapokezi ilitoa harufu ya nywele zilizoungua. Fundi akainusa kwa nyuma, akagusa nyaya moja moja, akasema hakuna kilichoungua. Mkutubi akafungua madirisha, kazi ikaendelea. Na kazi ilikuwa ya kumwaga, maana maktaba saba zilikuwa zinaunganisha orodha zao za vitabu, na kila moja ilikuja na uchafu wake.

Uchafu mkubwa ulikuwa wa dada yake mkutubi. Ndiye aliyemwachia kiti cha ukutubi alipostaafu, na kuna kitabu alikiazima miaka kumi na tisa iliyopita, hakukirudisha. Kila baada ya wiki mbili, awe mzima awe mgonjwa, alipiga simu kuomba aongezewe muda. Ungekuwa wewe usingechoka? Mkutubi alichoka. Fundi alipouliza vitabu vilivyokaa nje zaidi ya miaka kumi avifanyeje, alimwambia aandike vyote vimerudishwa, yaishe. Fundi akabonyeza.

Saa sita mchana kitabu kilikuwa mezani. Jalada jeusi, limelowa chapachapa, na hakuna aliyemwona aliyekileta. Fundi alicheka cheko la woga, akasema anaitwa kwingine, akaenda zake bila begi lake.

Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa dada, analia.

"Mdogo wangu, ameniacha. Umefanya nini?"

"Nani kakuacha, Dada?"

"Jini la kile kitabu. Linakaa na yule ambaye kimeandikwa kwa jina lake. Nilijiandikia mimi ili lisichukue mtoto wa mtu. Angalia nani anakisubiri."

Aliangalia. Foleni ilikuwa na jina moja tu: Kadogo, binti yake wa miaka minane, aliyekuwa kona ya watoto anachora, na ambaye hajawahi kuomba kitabu chochote kwenye kompyuta. Akalifuta jina, likarudi. Akalifuta tena, likarudi tena, na huko nyuma ya rafu akasikia nguo iliyolowa ikiburutwa sakafuni, taratibu, ikisimama kila rafu kama mtu anayesoma namba, ikaja ikipita kamusi, ikapita magazeti, na harufu ya nywele ikazidi hadi macho yakamchoma, na mburuto ule ukakoma kona ya watoto.

"Mama," Kadogo akaita kwa sauti ndogo, "bibi huyu anasema zamu yangu imefika."

"Usimpe mkono, mwanangu. Mwambie asubiri."

Alikosea namba ya kadi yake mwenyewe mara mbili. Kompyuta ikamwonya kwamba kuna mtu kwenye foleni, je, aendelee? Akaendelea. Kitabu kikaingia kwa jina lake, na kitu kizito, cha baridi, kikampanda mgongoni kikatulia. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, na alishukuru.

Akampigia fundi, akamwambia kwa utulivu kabisa kwamba kuna kitabu atakiongezea muda kila wiki mbili, maisha yake yote.

"Haiwezekani, mama," fundi akasema. "Mfumo mpya unaongeza mara mbili tu. Baada ya hapo kinaenda kwa anayesubiri."