Jina Lililoitwa Kabla ya Matanga

Jumatatu asubuhi mama Athanasie alipuliza mbabula, jiko lake la makaa, mpaka machozi yakamtoka, na makaa hayakushika. Alipoiweka juu ya meza aone kama makaa yameloa, moto ukawaka wenyewe. Akaiteremsha sakafuni, ukazima. Akaipandisha tena, ukawaka.

"Papa Théo," alimwita mume wake, "kuja uone maajabu. Moto yetu imekuwa na kiburi, inakataa kukaa chini."

Mzee Théoneste alitazama mara moja tu, akasema makaa ya siku hizi ni mabovu, akachukua kofia, akatoka bila kunywa chai.

Ili uelewe ni kitu gani kilimfanya mtu wa miaka sabini na miwili aikimbie chai, lazima ujue kilichotokea jana yake. Wenye mvi wa Goma watakwambia kwamba zamani mji huu ulikuwa na orchestre mbili, yaani bendi za muziki. Nyingine zilikuwa kelele tu. Tingisha Jazz ya Théoneste ilipiga mtaa wa Ndosho. Les Barons du Lac ya Ferdinand, kaka yake Athanasie, ilipiga karibu na ziwa. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hao wawili walitukanana kwa magitaa kila Jumapili. Wimbo ukifika kwenye sebene, pale waimbaji wananyamaza na gitaa linabaki peke yake kuchezesha watu, Théoneste alipaza sauti: "Ferdinand, uko wapi?" Jumapili iliyofuata Ferdinand alimjibu kwa nyuzi, na tuseme ukweli, jibu lake lilikuwa tamu zaidi kila mara.

Vita ya mwaka wa tisini na sita ikammeza Ferdinand. Théoneste ndiye aliyeleta habari: askari walimchukua barabarani, yeye aliona kwa macho yake. Miaka miwili baadaye akamwoa Athanasie, akamfundisha kuimba nyimbo alizosema ametunga mwenyewe. Maiti haikuonekana, kwa hiyo dada mtu alikataa kukaa matanga. "Sitalilia mutu mwenye sijazika," alisema, na kwa miaka ishirini na minane alingoja mtu wa kumwambia kaka yake yuko wapi.

Sasa, wanamuziki wa kizazi kile walikuwa na mwiko wao. Marehemu haitwi jina ndani ya wimbo kabla matanga yake hayajakaliwa na kufungwa. Akiitwa mapema, anadhani bado anahitajika kazini.

Jumapili hiyo, siku moja kabla ya moto kukataa sakafu, wazee waliosalia wa orchestre zote mbili walikutana mchana nyumbani kwa Théoneste kufanya mazoezi, wapate kuwapigia wakimbizi waliojaa Munigi. Mavi ya kale hayanuki, walisema, wakakumbatiana. Wimbo ukapanda, vidole vya Théoneste vikasahau uzee, na mdomo ukafanya ulivyozoea: "Ferdinand, uko wapi?"

Jibu likaja. Sauti nne za nyuzi, tamu kupita kiasi, kutoka chini ya sakafu. Julien wa besi, Baron wa zamani, aliliegemeza gitaa lake ukutani akaenda zake bila kuaga mtu.

Jumanne, kuku wa Athanasie alikutwa amelala jikoni na vifaranga wake saba, wote wamekufa, hakuna jeraha wala tone la damu. Paka alikuwa juu ya kabati na hakutaka kushuka. Jumatano, mshumaa uliowekwa kwenye kigoda ulizima. Alhamisi ukazima hata juu ya meza. Théoneste akaleta matofali, akainua kitanda, akasema ni kwa sababu ya panya. Athanasie alimwangalia akibeba matofali hayo mbiombio, naye hakuwahi kumwona akiogopa panya.

Tangu hapo hata mchana kweupe, jua likiwa utosini na majirani wakipita na madumu yao ya maji, gitaa lilisikika chini ya saruji, polepole, mtu akirudia sauti zilezile nne na kunyamaza kidogo kama anayesubiri kuitikiwa, na harufu ya mawe ya volkano yaliyonyeshewa ikapanda kutoka pembeni mwa kuta, na ajabu kuliko yote, Athanasie aliinama kufagia na kuinuka bila shida, lakini Théoneste, kila alipoinama kufunga viatu, alihema na kukabwa mpaka midomo ikawa ya buluu.

Ijumaa mchana Athanasie alimwita mama Annonciata, mama wa maombi aliyetoka Butembo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alishika mshumaa, akauteremsha taratibu. Ulizima ulipofika kifuani pake.

"Hii ni mazuku," alisema kwa sauti ya chini.

Nani wa Goma asiyeijua mazuku? Ni hewa mbaya inayotoka ardhini kwenye mashimo ya lava. Haionekani. Mbuzi akishuka humo hapandi tena, na mtu akilala humo haamki.

"Lakini mazuku haipandaka mu nyumba ya simenti," Annonciata aliendelea. "Kuko mutu ameileta. Nani aliita huyo mutu?"

Théoneste alitazama dirisha.

"Ni yeye," Athanasie alisema. "Aliita ndugu yangu mu wimbo."

"Alimuuliza nini?"

"Alimuuliza iko wapi."

"Basi njo vile anajibu, mama."

Athanasie alimgeukia mume wake polepole.

"Théo. Ulisemaka askari balimubeba."

"Athanasie, tuache huyu mama aombe kwanza..."

"Iko mu mazuku. Weye ulijua?"

Mzee alikaa kitandani, juu ya matofali yake. "Askari balikuwa banamutafuta," alinong'ona. "Nilimuonesha shimo kule upande wa Lac Vert. Nilimuambia, lala humu, hakuna mwenye atakuona, asubuhi nitakufuata. Na asubuhi nilienda. Alikuwa amelala tu, sawa mutu amechoka. Nikabeba gitaa yake."

"Ulijua shimo iko na mazuku?"

Mzee alianza kunyoosha shuka la kitanda.

"Théo, ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Batu bote balisema yeye njo wa kwanza," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa bado na wivu. "Kila siku, yeye tu."

"Na zile nyimbo ulinifundisha kuimba?"

"Zake Ferdinand."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Athanasie alikuwa amekipikia kilichomla, amekifulia nguo, amekizalia watoto wanne. Alihisi uchungu uliomkausha machozi. Alikuwa ameimba nyimbo za kaka yake miaka yote hiyo huku akimshukuru aliyemuua.

Mama Annonciata alitoa chupa ya maji ya baraka. "Mi niko tayari. Mwenye haiko wa hii nyumba atatoka leo."

"Ndiyo, mama," Théoneste alidakia, akisimama kwa haraka ya mtu aliyeona mlango wa kuponea. "Umufukuze. Umufukuze sasa hivi."

Athanasie alifungua kitambaa cha kichwa. Akateremka sakafuni, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake wenye msiba, ndani kabisa ya hewa ile iliyoua kuku na mishumaa, akavuta pumzi ndefu, na hakukohoa.

"Mama, niambie jina ya mwenye kutoka," Annonciata alisema. "Yote. Ile ya ubatizo na ile ya kwao. Bila jina maombi haishike mutu."

Athanasie alimtazama mume wake.

"Théoneste Havugimana," alisema.

Mama Annonciata akamgeukia mzee, akamnyunyizia maji usoni, akaanza kuomba. Théoneste alifungua mdomo abishe, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kutembea kuelekea mlangoni.