Leonida Alipozuia Pumzi

Sokoni Sori, sauti ya Leonida hukufikia kabla hujaiona omena yake, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Huita wateja, huwatania, huwauliza habari za watoto, na kabla hujajibu, omena imeshapimwa.

"Mke wangu akinyamaza, mjue ziwa limekauka," mumewe Zadock hupenda kusema.

Mwaka huu ulimi wake ulianza kukwama. Katikati ya maneno mdomo ulitetemeka, naye akashindwa kusema. Alipopigwa picha ya kichwa hospitalini Homa Bay, ilionekana ana uvimbe mdogo upande wa kushoto wa ubongo. Ulipaswa kuondolewa.

"Lakini sehemu ya kusema iko karibu hapo," daktari alimweleza. "Lazima tujue iko wapi hasa, tusiiguse. Nairobi kuna picha inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. Wewe utalala tu bila kutikisika."

Leonida aliogopa. Kisu hakikumtisha kama kubaki bubu.

Nyumbani, Zadock akajifanya mwalimu. Yeye hupiga mbizi kunasua nyavu kwenye mawe, na kwa pumzi hana mpinzani.

"Nyar Karungu," alisema, yaani binti wa Karungu, maana humwita mkewe kwa jina la kwao, "ukipumua unatikisika. Mimi nilipopigwa picha ya kifua, si waliniambia nizuie pumzi? Hii ni hiyo hiyo. Zuia."

Basi kila jioni Leonida alilala amejaza mashavu, Zadock akihesabu. Majirani walicheka mpaka chai ikawapalia.

Kule Nairobi, walikokwenda pamoja, mtaalamu wa picha alikuwa dada mmoja, Idil. Alimwomba Leonida avue hereni, kwa kuwa mashine ile ni sumaku kubwa.

"Mama, nikisema anza, taja majina ya samaki kimoyomoyo. Nikisema basi, acha."

Leonida alitaja mbuta, ngege, fulu na kamongo. Na kila aliposikia "anza", alizuia pumzi.

Idil alitazama kompyuta, akakunja uso. Karibu ubongo wote ulikuwa na rangi.

"Mama, ulikuwa unazuia pumzi?"

"Sana," Leonida alijibu kwa fahari. "Bwana yangu alinifundisha."

Zadock aliangalia viatu vyake. Idil akacheka, akavuta kiti.

"Hamna neno, tutarudia. Damu hubeba oksijeni kutoka kwa hewa tunayovuta. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni nyingi hukimbilia hapo. Mbele ya sumaku, damu hiyo na ile iliyopungukiwa oksijeni hazifanani. Mashine inaona tofauti, kompyuta inapaka rangi."

"Na pumzi je?" Zadock aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukizuia, hewa chafu ile ya kutoa nje inajaa kwa damu. Mishipa ya ubongo inapanuka, damu inamiminika kote. Sasa nitajuaje ni wapi panataja samaki?"

Zadock alifikiri kidogo. "Ni kama taa za wavuvi wa omena usiku. Ikiwaka moja, unajua mashua iko wapi. Zikiwaka ziwa lote, yako huioni."

"Ndiyo hivyo, baba. Kwa hivyo mama, pumua kawaida. Kichwa ndicho kisitikisike."

Mara ya pili Leonida alipumua polepole kama mtu aliyesinzia. Rangi ikakaa sehemu chache tu, na ile ya kusema ilikuwa kando ya uvimbe, si ndani yake. Daktari wa upasuaji sasa alijua mahali pa kupitia.

Baada ya upasuaji, Zadock alikaa kando ya kitanda.

"Nyar Karungu, sema hata samaki mmoja tu."

Leonida alifumbua macho, akamtazama toka kichwani mpaka kwenye shati.

"Wuon Marion," alisema kwa sauti nzito, akimwita baba wa mtoto wao, "omena yangu umemwachia nani? Na hilo shati, umelivaa tangu lini?"

Zadock alilia mbele ya wagonjwa wote, wala hakuona haya. Leonida akaendelea kumgombeza, kuhusu shati, kuhusu kuku, kuhusu masomo yake ya pumzi, mpaka uji ukapoa. Zadock hakumkatiza hata mara moja.