Makosa Niliyomwachia Gélase

—Rex?

—Rex, regis.

—Manus?

—Manus… mani.

Kwenye kaye, daftari lake la shule, iliandikwa manus, halafu manus tena. Nilimwona kabisa amekosea. Nikakanyaga pedali ya cherehani, nikamwambia:

—Sawa. Endelea.

Ilikuwa mwaka wa 1995, wajukuu zangu, mtaani Buyenzi, barazani kwa baba yangu Massoudi, fundi nguo. Mi Houda nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeishia ya sita. Kilatini sikukijua, ila herufi nilizijua. Kazi yangu ilikuwa kushika kaye na kuangalia kama anachosema Gélase kinafanana na kilichoandikwa.

Gélase alikimbilia mtaani kwetu baada ya baba yake kuuawa kwenye vita ya mwaka wa 93. Alikaa kwa shangazi yake, ukuta kwa ukuta na sisi. Ijumaa alikuwa na egzamen, mtihani wa Kilatini. Akishinda anaingia seminari kuu, anakuwa padri. Na padri haoi. Sasa mnajua kwa nini nilisema sawa.

—Gélase, hii genitifu ni kitu gani?

—Ni ile "ya" yenu. Nyumba ya Massoudi, sindano ya Houda. Sisi tunaweka neno katikati, Waroma walibadilisha mukia wa jina. Na mikia iko makundi matano, lazima ujue kila jina ni la kundi gani.

—Kitendawili!

Yeye, mtoto wa Kirundi, hakusema "tega", alijibu vya kwao:

—Niruze!

—Nyoka wangu mmoja, kila mlango anaoingia anatoka na mkia mwingine.

—Jina la Kilatini!

—Umepata. Haya, dies.

—Dies… dii.

—Sawa.

Uongo mtupu. Ni diei. Siku nne nilimwachia makosa. Alhamisi nikamweleza rafiki yangu Khadidja, tukichota maji bombani.

—Nyamaza, mwenzangu. Akianguka ni wako.

—Ataanguka kwa mukono wangu, Khadidja. Nitamuangalia vipi usoni?

Mara risasi zikalia upande wa mtaa wa Cibitoke, watu wakaanza kufunga maduka. Mi niliwaza kesho yaweza isifike, nikaacha ndoo palepale, nikakimbia mpaka kwa shangazi yake.

—Gélase! Nimekudanganya. Manus ulikosea. Dies ulikosea. Zote nilisema sawa.

Hakushituka. Aliinamisha kichwa tu.

—Najua.

—Unajua nini?

—Houda, manus naijua toka mwaka wa pili. Jumatatu ulimi uliteleza kweli. Nikangoja unirudi, ukasema sawa. Nikashangaa. Nikakosea tena makusudi, nione.

—Ukaona nini?

—Nikaona hutaki niende. Na mi nikafurahi! Mutu anayejiita museminari!

Nilivua kandambili nimpige.

—Shetani we! Siku nne chakula hakipiti, kumbe we unanijaribu?

—Basi kesho siendi. Yaishe.

—Apana! Utaenda. Sitaki mwanaume aliyebaki kwangu kwa kukimbia egzamen, siku tukigombana aseme nilimfungia njia. Nenda ushinde. Ukishinda, ndipo uchague.

—Na nikichagua kule?

Nilirudisha kandambili mguuni.

—Nitakushonea kanzu ya upadri mi mwenyewe.

Akaenda. Wiki mbili sikumwona. Shangazi yake aliniambia amebaki kwa mapadri, nami nikaitikia "haya" na kurudi kushona, sindano ikinichoma vidole.

Jumapili moja mchana, nikiwa jikoni nyuma ya pazia, nikasikia sauti nisiyoijua sebuleni. Nikachungulia. Padri Ildephonse, yule aliyemfundisha Gélase, amekaa mkekani, viatu kaviacha mlangoni. Nyuma yake, Gélase, macho chini.

—Mzee Massoudi, najua kwenu mwanaume hajiposei. Huyu baba yake nilimzika mimi. Ami zake wamekimbilia Kongo. Hana mutu wa kumsemea, ndiyo maana nimekuja.

—Padri kuja kuposa kwa Muislamu! Buyenzi wataongea mpaka Ramadhani.

—Alikuwa wa kwanza kwa Kilatini, mzee. Nikamwambia karibu. Akaniambia, "Nimeshinda, lakini siingii." Nilimkasirikia siku tatu.

—Na ya nne?

—Ya nne nikaona afadhali baba wa watoto aliyetulia, kuliko padri anayechungulia dirishani.

Baba alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

—Mambo ya dini tutabishana siku nyingine. Kwanza tumuulize binti mwenyewe.

Kwetu msichana akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo kukubali. Nilifundishwa tangu mdogo: uma mtandio, angalia chini, usitoe hata kikohozi. Baba akaniita, nikatoka nyuma ya pazia.

—Houda, mwanangu, huyu kijana Gélase…

—Nakubali!

Padri akapaliwa na chai. Gélase alijifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Shangazi zangu walinisema mwezi mzima kwamba sina adabu. Kweli. Lakini mwaka ule, risasi zikilia vile, nani alikuwa na muda wa kungoja swali liishe?