Chetezo cha Kidakani

Kabla hajaonyeshwa kidaka kitupu cha ukutani, Inspekta Hayat alikuwa ameshaunusa udi.

Ilikuwa harufu nyembamba, imejibanza chini ya kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, lakini aliijua. Marehemu mama yake alikuwa akijifukiza kila Alhamisi jioni, na siku hiyo hata baba alikuwa hapandishi sauti nyumbani. Hayat alisimama mlangoni akaivuta tena, kisha akakumbuka kuwa yuko kazini.

Mgahawa ulikuwa wa Bwana Kamaludin, baharia mstaafu aliyejifunza nyama choma ya Kikorea bandarini Busan. Aliufungua ndani ya nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu. Kila meza ilikuwa na tundu katikati, na ndani ya tundu jiko la makaa. Mteja hupewa nyama mbichi na koleo, ajichomee.

"Chetezo cha fedha, cha kufukizia udi," alisema Kamaludin akionyesha kidaka ukutani. "Nilikinunua pamoja na nyumba. Kabla ya Maghrib kilikuwapo. Baada ya Maghrib hakipo. Na mwenye kuingia na kutoka chumba hiki ni huyu."

Huyu alikuwa Barka, mhudumu wa miaka kumi na tisa, akilia bila sauti kando ya Konstebo Musab. Pingu zilikuwa tayari mkononi mwa konstebo.

"Wateja?"

"Meza moja tu humu. Bwana Shuaib na mkewe, Bi Rawiya. Siwezi kuwapekua watu wa heshima zao, Inspekta. Mji utanitema."

"Lakini msichana waweza kumfunga."

Kamaludin akatazama sakafu. "Kikionekana kabla ya Isha, yameisha. Kisipoonekana, aende kituoni."

"Wallahi sikukigusa, Bi Inspekta," alisema Barka. "Nikilala ndani leo, kesho nani ataniajiri? Nani ataniposa?"

Hayat akamvuta mkono, akanusa shungi na kanzu yake. Mafuta ya ufuta. Pilipili. Basi.

"Umeolewa?"

"Bado."

"Hapa mnafukiza udi?"

"Hata kidogo," alijibu Kamaludin. "Udi huharibu ladha ya nyama."

Hayat akaiendea meza. Bwana Shuaib, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, alikuwa amelikunja koti lake kitini.

"Nimekuja kula kwa watu, nikapewa koleo nipike mwenyewe," alisema. "Na sasa polisi! Kamaludin, na hili nalo ni la Korea?"

Musab alicheka. Bi Rawiya hakucheka. Mkoba wake ulikuwa mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Adhana ya Maghrib ilipoadhiniwa, ulikuwa wapi, Bwana Shuaib?"

"Nilitoka kwenda msikitini. Koti nikaliacha hapa, lisipate jasho."

"Uliporudi ulikuta nini?"

"Moshi. Nikamwambia mke wangu, waambie wawashe feni."

"Moshi wa nyama?"

Mzee akaitazama meza. Sahani ilikuwa mbele yake. Vipande vyote vya nyama vilikuwa vimepangwa vile vile, vibichi, hakuna hata kimoja kilichoonja moto.

Hayat akaliinua koleo kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa na utomvu mweusi, umegandamana na jivu. Kisha akaliinamia koti, akanusa: udi.

"Kwetu mwari, kabla ya kuolewa, hajifukizi udi," alisema taratibu. "Na hafukizi koti la mume wa mtu. Musab, zirudishe pingu mfukoni."

Hayat akavuta kiti, akakaa karibu na Bi Rawiya, akishusha sauti kama azungumzaye na mama yake.

"Bi Rawiya, naweza kuamrisha mkoba ufunguliwe. Sitaki. Lakini binti yule anatetemeka."

Bi Rawiya akamtazama Barka. Akafungua mkoba, akakitoa chetezo, akakiweka mezani. Kilikuwa bado na joto.

"Nimekichukua mimi. Msimfunge mtoto wa watu."

"Rawiya!" Shuaib akasimama. "Wewe? Kwa nini?"

"Chumba hiki ndicho cha fungate yetu. Hujakitambua?"

"Nimekitambua."

"Usiku wa kwanza nilikufukizia koti kwa chetezo hiki, cha mama. Ukaniambia harufu ile hutaisahau mpaka kaburini. Leo ulipotoka nikakiona kidakani. Nikachukua kaa moja kwa koleo katika jiko hili, nikatia udi niliokuwa nao mkobani, nikalifukiza koti lako. Nikakaa kukungoja, moyo wanipiga kama wa mwari. Ukarudi. Ukasema, waambie wawashe feni." Alipangusa jivu mezani kwa kidole. "Nikalirudisha kaa jikoni. Nikaona hapa hakina wa kukikumbuka. Nikakitia mkobani."

Kamaludin akakohoa. "Inspekta, mimi shtaka sina. Naliondoa."

Hayat akafunga daftari. Barka alikuwa ameketi chini, mikono usoni.

Lakini Shuaib alikuwa bado amesimama. "Nyumba hii baba yako alikupa wewe, kama mabinti wote wa Lamu. Ni wewe uliyesema iuzwe, tujenge mtaani Wiyoni, kwa jina langu. Ulisema ngazi zakuumiza magoti. Kama uliitaka hivi, mbona uliiacha?"

Bi Rawiya akajifunika vizuri buibui lake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo, na Hayat ilimbidi ainame kuisikia.

"Ngazi hazikuniumiza hata siku moja. Watu walikucheka kuwa waishi kwa mkeo. Miaka ishirini na miwili nilikuona ukiingia nyumba hii kwa kubisha hodi, Shuaib. Nikaona heri mgeni niwe mimi."