Nilimwandikia Bhoke Kiingereza cha Kumwaibisha

Wapenzi wasomaji, nina miaka ishirini na tisa, sina mume, sina mtoto, na rafiki niliyekuwa naye nilimpoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi ni Mjaluo wa upande wa Kenya. Nafundisha Kiingereza katika shule binafsi wilayani Tarime, kwenye vijiji vya jirani na mgodi wa dhahabu. Nayaandika haya nikiwa na aibu kubwa, lakini nikiendelea kunyamaza nitapasuka…

Nilivuka mpaka wa Sirari miaka miwili iliyopita, na begi moja na godoro la kukunja. Nilijiona sijaenda mbali. Si ni kule kule tu, Wajaluo wapo, ng'ombe wapo, ugali upo? Kumbe nilikuwa mgeni kabisa!

Siku ya kwanza nilimsalimia mwalimu mkuu, mzee mwenye mvi, "Sasa, mwalimu?" Ofisi nzima ikageuka kunitazama, maana pale mzee hasalimiwi kama kijana. Dukani nilisema, "Nipatie maziwa," muuza duka akaniuliza kama nimetumwa kumdai. Nikisema stima imepotea, yaani umeme umekatika, wanafunzi wanacheka mpaka wanalala juu ya madawati. Darasani nilikuwa malkia kwa sababu ya Kiingereza. Nje ya darasa nilikuwa kichekesho.

Aliyeniokoa ni Bhoke.

Bhoke alikuwa mwalimu wa Kiswahili pale shuleni, Mkurya wa Genkuru, mjane wa miaka thelathini na minne mwenye binti mmoja, Nyangi, aliyesoma darasani kwangu. Aliponiona nahangaika kutafuta chumba alinipa cha kwake cha uani, akaniita mdogo wangu. Alinifundisha kusema shikamoo, kusema naomba, kusema pole hata kwa mtu aliyejikwaa tu. Mchana mgodini wakilipua miamba na bati kutetemeka, mimi naruka, yeye anacheka na kunishika mkono. Malaria iliponilaza siku tano, ni yeye aliyeninywesha uji. Ndugu yangu wa damu angefanya zaidi ya hapo?

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Otieno. Alikuwa na duka la spea za pikipiki Isebania, upande wa Kenya. Kwetu alishajitambulisha, na harusi ilipangwa iwe Desemba. Kila Jumapili alivuka kuja kuniona, na Bhoke alitupikia. Siku moja alitutengenezea kichuri, ile supu chungu ya mbuzi. Otieno akanywa bakuli mbili. Bhoke alipomwambia, "Karibu tena, shemeji, naomba nikuongeze," yule mwanaume alitabasamu kama amemwagiwa asali.

"Akinyi," akaniambia, Bhoke akiwa anasikia, "mbona wewe huwezi kuongea poa hivi? Wewe ukiongea ni kama unagombana na mtu!"

Nilicheka. Lakini moyoni kitu kilichoma… Kilichoma kweli!

Kuanzia siku hiyo nikawa askari. Otieno akipiga simu, lazima aulize, "Na Bhoke, ako aje?" Nilihesabu mara alizomtazama. Bhoke akivaa kitenge kipya Jumapili, najiuliza, amemvalia nani? Akikaa kimya, nasema anamuwaza. Akicheka, nasema anamchekea yeye. Nilianza kuuchukia hata ule utamu wa sauti yake niliokuwa nauiga.

Jumapili moja nilitoka sokoni Nyamongo nikawakuta wamesimama mlangoni mwa jiko. Waliponiona wakanyamaza. Bhoke aliingia ndani bila kunisalimia. Otieno alisema alikuwa anaomba maji, lakini mkononi hakuwa na kikombe! Siku mbili baadaye simu ya Bhoke iliita ikiwa mezani, nikaona jina la Otieno. Bhoke akaizima haraka na kuendelea kuchambua mchicha.

Je, nilimuuliza? Hapana! Laiti ningeuliza… Neno moja tu lingetosha. Lakini wivu hauulizi, wivu unajijibu wenyewe. Mimi nilishahukumu.

Ndipo Bhoke akaja na shida yake. Shule ilikuwa imetangaza kwamba mwaka unaofuata masomo yote yatafundishwa kwa Kiingereza, na mikataba ya baadhi ya walimu haitaendelea. Bhoke alijua yeye ni wa kwanza. Akasikia kwamba hoteli moja ya watalii, kule Ikoma karibu na geti la hifadhi, inatafuta mtu wa kuwatembeza wageni vijijini na kuwaeleza mila. Kazi hiyo ilimfaa kama vile imeumbwa kwa ajili yake. Kilichotakiwa ni kujieleza kwa Kiingereza mbele ya watu watatu; kilichobaki wangemfundisha huko huko kazini.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Akaniletea karatasi aliyoiandika kwa Kiswahili.

"Mdogo wangu, nigeuzie hii. Nitaikariri yote. Nikipata hii kazi, Nyangi atasoma bila mimi kuomba ndugu."

Niliisoma. Ilikuwa nzuri! Ilisema yeye ni mchapakazi, ni mwaminifu, anawapenda wageni, na amelelewa kwenye boma ambalo mgeni hakosi kukaribishwa. Nikakaa mezani na kamusi. Wasomaji, Mungu anisamehe… Penye mchapakazi niliweka neno gumu la Kiingereza ambalo maana yake ni mvivu. Penye mwaminifu nikaweka neno la mtu mlaghai. Penye kuwapenda wageni, nikaandika kwamba anawadharau.

"Haya maneno mbona sijawahi kuyasikia?" aliniuliza.

"Ni Kiingereza cha wasomi, dada. Watashangaa."

Kweli walishangaa.

Siku nne alikariri. Alikariri akiosha vyombo, akakariri akisuka nywele za Nyangi, na yule mtoto akawa anayarudia kwa sauti nyembamba, kwamba mama yake ni mvivu na mlaghai, bila kujua anachosema. Na mimi nilikuwa nasahihisha matamshi! "Tia nguvu hapo mwishoni," nilimwambia. Mara ngapi nilipata nafasi ya kusema, Bhoke, subiri, nimekosea? Asubuhi ya safari alinikumbatia. Alinukia sabuni, kitenge kimenyooka. Nikamtakia kila la heri. Akapanda gari la Mugumu, linaloelekea upande wa Ikoma.

Alirudi siku hiyo hiyo saa kumi, wanafunzi wakiwa wanatoka shule. Aliweka mkoba chini, akakaa kwenye kigoda. Hakulia. Afadhali angelia!

"Walicheka," alisema. "Wawili walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mama mmoja mtu mzima hakucheka. Aliniita pembeni akaniambia maana ya kila neno. Akaniuliza, nani adui yako aliyekuandikia? Nikamwambia si adui, ni mdogo wangu."

Badala ya kuomba msamaha, nikapiga kelele! Nilimwambia amemchukua Otieno, kwamba namjua, kwamba nimewaona jikoni.

Bhoke akatoa simu yake, akanipa. Zilikuwa meseji za wiki saba. Otieno alimsifia, akamwita mpenzi, akamwambia mimi nina mdomo mchafu na anajuta kunichumbia. Na Bhoke kila mara alijibu kitu kimoja: niache, mheshimu mchumba wako, ukiendelea nitamwambia. Ile Jumapili jikoni alikuwa anamfukuza!

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ulikuwa ugenini. Huna mama hapa, huna dada. Nikasema nimkomeshe mimi mwenyewe, wewe usiumie."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Akanambia, "Inuka. Nimekusamehe. Lakini kwangu utahama."

Otieno nilimpigia. Alisema, "Si nilikuwa nacheza tu, Akinyi, kwani iko nini?" Uchumba uliishia hapo. Jumamosi nikasafiri mpaka Ikoma, nikamtafuta yule mama wa hotelini, nikamwamkia shikamoo, nikaungama kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nafasi imeshapata mtu, kisha akauliza, "Na wewe ni mwalimu? Watoto wa watu unawafundisha nini?"

Nilihama kwake, lakini muhula wote uliobaki tuliketi ofisi moja ya walimu pale shuleni. Bhoke alinisalimia kila asubuhi, "Habari za nyumbani, Madam," kwa adabu ile ile anayompa mgeni wa siku moja. Afadhali angenitukana! Mwaka ulipoisha mkataba wake haukuendelea. Sasa anauza dagaa sokoni Nyamongo. Mimi kazi yangu ipo, kwa sababu najua Kiingereza… Nyangi bado ni mwanafunzi wangu, ada yake mama yake anaiomba kwa ndugu. Darasani ananyoosha mkono na kujibu vizuri, lakini hanitazami usoni.

Dada zangu, kaka zangu, hasa ninyi mnaoishi ugenini, nawasihi: ukimshuku mtu aliyekupokea, mkalishe, muulize. Uliza hata kama sauti inatetemeka, hata kama unaogopa jibu. Mimi niliogopa swali moja, na kwa kuliogopa nikamvunja mwanamke ambaye hakuwahi kunikosea hata siku moja. Msipite nilikopita. Msamaha nimeupata, tena mapema kuliko nilivyostahili. Dada yangu sijampata tena.