Shemasi Whitlow na Chuo cha Jina Kubwa

Wazazi wenzangu, nyinyi mlio na watoto wanaomaliza shule mwaka huu, nisikilizeni kabla hamjaanza kujipiga vifua. Nataka kuwasimulia yaliyoipata nyumba ya jirani yangu, na sitaficha majina kwa sababu wenyewe wameniruhusu. Shemasi Whitlow aliniambia, "Waeleze, Dada Verna, ila usitie chumvi." Nitajitahidi.

Nyumba yao mnaijua, ile ya matofali mekundu inayotazamana na yangu hapa mtaani kwetu, upande wa magharibi wa Detroit. Ilikuwa nyumba yenye raha. Jumamosi jioni wakati wa kiangazi ungemkuta Cornelius Whitlow uani akikaanga kambare, mkewe Renita akikatakata kabichi, na binti yao wa pekee, Jocelyn, ameketi barazani na filimbi yake, ile ndefu ya fedha inayoshikwa kiubavu.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu, kwa hiyo masikio ninayo. Mtoto yule alikuwa akipiga jazi kwa filimbi. Alianza na wimbo tunaoujua sote, kisha akauacha na kushika njia zake mwenyewe, akazunguka huko mpaka ukadhani amepotea, halafu akakurudisha nyumbani ukiwa unacheka. Bwana mmoja alikuwa akipunguza mwendo wa gari kila alipopita ili amsikilize, mpaka siku moja akaligonga pipa langu la taka. Nilimsamehe.

Raha hiyo iliingia doa walipoanza kuchagua chuo kikuu. Desturi yetu mnaifahamu. Jumapili moja ya mwezi wa Mei vijana husimama mbele ya kanisa wamevaa sweta za vyuo walivyovichagua, mchungaji anavitaja kimoja kimoja, nasi tunapiga makofi. Tuseme ukweli, jina likiwa kubwa makofi huwa makubwa, na jina dogo hupata makofi ya adabu tu. Cornelius aliacha shule mapema akaingia kiwanda cha magari, na kwa miaka mingi alikuwa amekaa kwenye benchi la mashemasi akiwapigia makofi watoto wa wenzake. Aliyatamani sana makofi yale.

Jocelyn alikuwa ameitwa kwenye usaili na vyuo viwili. Kimoja kiko mbali, pwani ya mashariki, na jina lake linajulikana hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo. Sitakitaja, maana hakina kosa lolote. Kingine ni kidogo, kiko Ohio, mwendo wa saa chache kwa gari.

Walianza na Ohio. Mwalimu wa filimbi ya jazi pale, mama aitwaye Loretta Prewitt, alimwingiza Jocelyn katika chumba chake cha kufundishia wakapiga pamoja, baba mtu ameketi pembeni. Mama yule hakumvika mtoto kilemba cha ukoka.

"Vidole vyako vizuri," alimwambia. "Lakini unapuliza kama mtu anayemwogopa mpiga dramu. Na ukiishiwa la kusema, unamwaga noti ovyo. Siku nyingine ukiishiwa, nyamaza. Rudia, nikuonyeshe."

Jocelyn alitoka mle chumbani uso unang'aa. Baba yake alitoka amenuna, na njia nzima ya kurudi alikuwa akilalamika. Mtoto aliyeshinda tuzo mji mzima anaambiwa anyamaze, tena na mwalimu wa chuo ambacho lazima umweleze mtu kiko wapi.

Kule mashariki mambo yalikuwa mengine. Walipokelewa na watu nadhifu, wakatembezwa, wakalishwa, wakasifiwa. Jocelyn aliomba jambo moja tu, kuyasikiliza mazoezi ya bendi kubwa ya jazi. Akakaa akasikiliza, asimwone mpiga filimbi hata mmoja. Kijana wa saksafoni ndiye aliyeokota filimbi miguuni pake katikati ya wimbo, akaipuliza kidogo, akairudisha chini. Mazoezi yalipokwisha Jocelyn alimfuata kiongozi wa bendi, naye akamjibu kiungwana na kwa ukweli. Kwao filimbi ni ala ya pili ya mpiga saksafoni. Jocelyn angesomea filimbi upande wa okestra, na kama anaitaka jazi, itabidi ajifunze saksafoni na kugombea nafasi.

Ndugu zangu, hayo yalisemwa mchana kweupe, na Cornelius alikuwa amesimama pale pale. Akamgeukia binti yake akasema, "Basi utajifunza saksafoni. Kwani zote si za kupuliza?"

Ningekuwepo ningempiga kwa mkoba.

Vyuo vyote viwili vilimkubali. Jocelyn aliwaambia wazazi wake kwa maneno yaliyo wazi kwamba anataka kwenda Ohio. Renita alimuunga mkono. Cornelius akasema hakusimama kiwandani miaka yote ile ili mtoto wake akasome mafichoni, na akaongeza kwamba kama binti anampenda baba yake, atamwelewa. Silaha hiyo wazazi tunaijua, na tunaitumia vibaya. Jocelyn anampenda baba yake, kwa hiyo akakubali kwenda mashariki.

Jumapili ile alisimama na sweta ya chuo kikubwa, na kanisa likatikisika kwa makofi. Cornelius alijinunulia sweta yake mwenyewe. Aliivaa dukani, akaivaa kwa kinyozi, akaivaa mpaka kwenye kikao cha mashemasi. Nilimuuliza, "Shemasi, wewe unasomea nini huko?" Akacheka, maana wakati ule bado mambo yalikuwa ya kuchekesha.

Desemba Jocelyn alirudi kwa likizo. Nilitegemea kuamshwa na filimbi kama zamani, lakini nyumba ilikuwa kimya. Renita alivuka barabara akaja jikoni kwangu, akaniambia kwamba tangu mtoto afike hajalifungua kasha la filimbi. Nilishtuka, ila nikajitia moyo kwamba labda ni uchovu.

Siku ya Krismasi Cornelius alisimama kanisani, bila kumuuliza mwenyewe, akatangaza kwamba binti yake atatupigia. Jocelyn hakuweza kukataa mbele za watu. Nilianza wimbo, mpiga dramu akaingia, naye akapiga ubeti wa kwanza safi kabisa, kila noti mahali pake. Kisha ikafika pale ambapo zamani alikuwa akituacha na kwenda zake. Nikampa nafasi. Aliishusha filimbi, akanitazama, akatikisa kichwa. Ilibidi nizibe pengo kwa kinanda mpaka mwisho. Watu walimpigia makofi ya huruma, na nililisikia kila kofi.

Mchana tulikula kwao. Cornelius hakungoja hata sahani zijae, akamuuliza binti yake kwa nini amewaaibisha.

"Sikuwa na kitu cha kupiga, Baba."

"Vipi usiwe nacho? Si unasomea muziki?"

"Asubuhi napiga filimbi ya okestra, vilivyoandikwa tu. Jioni nakaa na saksafoni nyuma ya watu walioianza wakiwa wadogo. Mimi ni mbovu, Baba, na wenzangu wananionea huruma. Tangu nifike hakuna aliyenisikia nikipiga jazi kwa filimbi. Siku hizi hata nikiwa peke yangu haitoki. Nimeamua kuacha muziki. Nitasomea biashara."

Cornelius akaanza wimbo wake wa siku zote. "Lakini jina la chuo kile, mwanangu..."

Renita akaweka kijiko chini. "Jina hilo unalivaa wewe, Cornelius. Mtoto anazimika mbele ya macho yako, na wewe bado unamsimulia kinyozi."

Jocelyn hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Nilienda kwa ajili yako, Baba," alisema. "Sikujua kwamba nitarudi sina filimbi."

Cornelius aliinuka akaenda jikoni, nasi tukabaki mezani, viazi vitamu vinapoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamuuliza Jocelyn kama yule mama wa Ohio, yule mwenye ulimi mkali, anaweza kukubali kumsikiliza tena.

Walikwenda baada ya Mwaka Mpya. Bi Prewitt alimsikiliza Jocelyn mpaka mwisho, akasema, "Umerudi nyuma." Cornelius hakununa. Safari hii alikuwa na swali lake.

"Mwalimu, katika bendi yako huyu atakaa wapi?"

"Mbele," Bi Prewitt akamjibu. "Na filimbi yake mkononi. Akikosea, ukumbi mzima utasikia."

Cornelius akasema ni sawa.

Septemba Jocelyn alihamia Ohio. Masomo mengi aliyoyasoma mashariki hayakukubaliwa, ikabidi aanze upya pamoja na waliomaliza shule mwaka huo, na miezi ya mwanzo ilikuwa migumu mpaka akampigia mama yake simu akilia. Hakuacha. Majira ya kuchipua bendi yao ilipofanya onyesho tulikwenda sote. Zamu yake ilipofika alisimama, akapuliza kidogo, akanyamaza, akamwachia mpiga dramu aseme, kisha akaingia bila woga na kutuzungusha kule kwake. Mimi nilicheka kwa sauti, watu wakageuka kunitazama. Cornelius aliniinamia akaniuliza polepole kama ile ilikuwa nzuri kweli au ni yeye tu kwa kuwa ni baba. Nikamwambia ilikuwa nzuri kweli.

FUNZO

Mzazi, chuo cha mtoto si pambo la kifua chako. Kabla hujachagua, nenda ukakae na mwalimu atakayemfundisha. Mwombe amsikilize mtoto wako mara moja, walimu wengi hukubali wakiombwa. Uliza ala ya mwanao itakaa wapi katika bendi, na uwasikilize wanaoisomea pale. Mwalimu anayemweleza mtoto makosa yake siku ya kwanza ameshaanza kumfundisha, kwa hiyo usimnunie. Na mtoto akikuambia waziwazi anachokitaka, usilitumie penzi lake kwako kumfunga mdomo.

Jocelyn alipoteza mwaka mmoja, akaupata muziki wake. Nawajua wengine, na wengine ni wa hapa hapa kanisani, waliosoma vyuo vya makofi. Vyeti vyao viko ukutani na ala zao ziko chini ya kitanda, na wazazi wao bado wanajisifu.